Shilingi 50,000 za Vitabu: Dukani, Mitumbani, Maktaba au Simuni?

Ingia duka lolote la vitabu katikati ya Dar es Salaam, useme unatafuta kitabu cha mtoto. Swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Yuko darasa la ngapi?" Usimlaumu muuzaji. Duka lake linaishi kwa vitabu vya kiada na ziada, na wateja wake wengi huja Januari wakiwa na orodha ya shule mkononi. Anayetaka kitabu cha kusoma kwa raha yake tu, awe yeye au mwanawe, ni mgeni wa nadra, ndiyo maana rafu yake iko nyuma, au iko juu kusikofikika, au haipo kabisa. Gharama ya kwanza ya kitabu kipya huanzia hapo, nayo haiandikwi kwenye jalada: ni gharama ya kujua kwamba kitabu hicho kipo.

Tuchukue familia moja ya kufanyia hesabu. Ina watoto wawili, mmoja wa chekechea na mwingine wa darasa la tano, na watu wazima wawili wanaopenda kusoma. Wametenga shilingi 50,000 za vitabu kwa miezi mitatu. Bei nitakazotumia ni za mfano, kwa sababu bei halisi hupanda na kushuka kati ya duka na duka, na kwa wauza mitumba hutegemea hata umevaa nini siku hiyo. Tuseme riwaya mpya ya Kiswahili ni 15,000, kitabu cha picha cha mtoto ni 5,000, na riwaya ya mtumba ni 4,000. Ukikuta bei nyingine, badilisha tarakimu; hesabu yenyewe haitabadilika.

Kwa bei hizo kila mtu angesema mtumba ndio rahisi. Mimi sikubali, si moja kwa moja. Kitabu cha picha cha 5,000 ambacho mtoto wa miaka minne atadai asomewe kila usiku, mpaka mzazi akijue kwa moyo, kikisomwa mara 40 kimegharimu shilingi 125 kwa kila kusomwa. Riwaya ya 15,000 ikisomwa na baba na mama ni 7,500 kwa kila msomaji. Riwaya ya mtumba ya 4,000 iliyoachwa ukurasa wa 20 kwa sababu ni sehemu ya tatu ya mfululizo ambao sehemu mbili za mwanzo huna, hiyo ni 4,000 iliyotupwa. Basi, kabla ya kuuliza bei, jiulize maswali mawili: kitabu hiki kitasomwa mara ngapi, na kuna uwezekano gani kwamba hakitasomwa kabisa?

Tuanzie duka la vitabu vipya. Dar es Salaam lipo duka la TPH, Barabara ya Samora, lenye jina la Tanzania Publishing House, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1966 na ambayo mwaka 1972 ilishiriki kuchapisha kitabu maarufu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Humo utavikuta vitabu vya Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991. Nairobi lipo Text Book Centre, lililofunguliwa mwaka 1964. Maduka ya aina hii ni ya thamani kwa jambo moja ambalo simu haijaliweza: unakishika kitabu, unakifungua katikati, unasoma ukurasa mzima umesimama, na hakuna anayekufukuza. Hapo umeonja bure. Duka linalovifunga vitabu vyote kwa nailoni na kukataa kufungua hata kimoja linakuomba ununue mbuzi kwenye gunia, na mimi huondoka.

Kwa nini riwaya mpya ya Kiswahili iwe ghali, ilhali mwandishi wake ni jirani yetu na hapandi ndege kuja? Sababu kubwa ni idadi ya nakala. Kuhariri, kuchora jalada na kupanga kurasa ni kazi ileile, uchapishe nakala 500 au 10,000. Tuseme kazi hiyo imekula shilingi milioni tatu. Ukichapisha nakala 500, kila nakala imebeba 6,000 kabla hujanunua karatasi. Ukichapisha 10,000, kila nakala imebeba 300 tu. Weka juu yake karatasi, wino, usafiri, punguzo la mwenye duka, na mrabaha wa mwandishi ambao kwa kawaida huzunguka asilimia kumi, ndipo ifike 15,000. Wachapishaji binafsi wa Tanzania walikuwa wakifidia riwaya kwa faida ya vitabu vya kiada, lakini katika muongo uliopita serikali iliirudisha kazi ya vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na mto huo ukakauka. Kenya nayo ilianza kutoza VAT ya asilimia 16 kwa vitabu mwaka 2013, jambo lililolalamikiwa sana na wachapishaji wa huko.

Hesabu hiyohiyo ya nakala ndiyo inayozaa bidhaa rahisi kuliko zote sokoni, ambayo watu wazima wengi huipita wakidhani ni ya wanafunzi. Nazungumzia vitabu vya fasihi vinavyosomwa shuleni. Kwa miaka mingi shule za sekondari za Tanzania zimefundisha Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari, Ngoswe ya Edwin Semzaba, na kwa madarasa ya juu Vuta n'kuvute ya Adam Shafi na Mfadhili ya Hussein Tuwa. Vimechapishwa kwa wingi, kwa hiyo bei yake ni ya chini, vinapatikana hadi miji midogo, na nakala zilizotumika hujaa mitaani kila kidato cha nne kinapomaliza mitihani. Kenya hali ni hiyohiyo kwa vitabu teule: Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na Chozi la Heri ya Assumpta Matei vilisomwa na kizazi kizima, kisha vikapisha Bembea ya Maisha ya Timothy Arege na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Kitabu kikishatoka kwenye mtaala, bei ya nakala zilizotumika huporomoka kwa sababu mwanafunzi hakitaki tena. Wakati huo ndio wako wewe. Mtu aliyeisoma Vuta n'kuvute akiwa na miaka 18, akiogopa mtihani, hajaisoma bado. Aisome leo, ana miaka 40, aone kama Yasmin, mhusika wake mkuu, ni yuleyule aliyemjua.

Dosari yake ni moja, nayo huchekesha. Nakala ya mwanafunzi huja na kalamu ya mwanafunzi. Utakuta mistari imepigiwa chini, na pembeni imeandikwa "dhamira", "tashibiha", na wakati mwingine siri nzima ya hadithi imefichuliwa ukurasa wa tatu. Kama hilo litakukera, ongeza pesa ununue mpya.

Sasa mitumba. Vitabu vilivyopangwa juu ya turubai au meza mitaa ya Posta na Kariakoo, na kando ya barabara za katikati ya Nairobi, vina tabia zake na anayezijua hufaidi. La kwanza la kuelewa ni kwamba mzigo huu hauchaguliwi na mtu wa hapa. Ni vitabu vilivyotolewa na nyumba, shule na maktaba za Uingereza na Marekani, basi kilicho kingi huko ndicho kitakachokuwa kingi hapa: John Grisham, Danielle Steel, Sidney Sheldon, vitabu vya upishi wa vyakula ambavyo viungo vyake hatuna, na miongozo ya kompyuta za zamani. Msomaji wa Kiingereza anayependa hadithi za upelelezi na mahakama hana mahali bora. Riwaya ambayo mpya ingemgharimu mara tano au sita ya bei ya mtumba anaipata kwa nauli ya siku mbili. Kwa vitabu vya watoto vya Kiingereza, vyenye jalada gumu na picha za rangi zilizochapwa vizuri, meza ya mitumba inalishinda duka lolote, na sioni haya kulisema.

Ukitaka Kiswahili hapo, andaa subira. Kitabu cha Kiswahili huja mitumbani kwa bahati: mzee kafariki na wanawe wameuza maktaba yake, au shule imefagia stoo. Lakini bahati hiyo ikikuangukia ni kubwa. Hadithi za upelelezi za miaka ya 1960 hadi 1980 hazipatikani kirahisi dukani. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyomleta Bwana Msa mwaka 1960, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya 1965, visa vya Willy Gamba vya Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa: hivi huokotwa. Kosa moja tu usilifanye. Ukiona kitabu cha aina hiyo usionyeshe furaha. Kichukue pamoja na viwili usivyovihitaji sana, uulize bei ya vyote vitatu, kisha rudisha viwili. Muuza mitumba mzoefu anausoma uso wa mteja kabla hajataja bei.

Halafu kuna kile kinachoitwa mtumba na si mtumba. Katikati ya meza, palipo na vivuli vizuri, utaona vitabu vinavyong'aa vya Robert Kiyosaki na wenzake wa kufundisha utajiri, vyote vipya, vyote kwa bei ya kushangaza. Vingi ni nakala za wizi zilizochapwa bila idhini. Zinajulikana: jalada limefifia kana kwamba limepigwa picha kwa simu, karatasi ni nyeupe na nyepesi kama ya fotokopi, mistari imepinda, gundi ya mgongo inakatika ukifungua mara ya pili. Pesa yako ikienda hapo, mwandishi hapati hata senti, na wewe unaweza kukuta kurasa 32 zimerudiwa na 32 nyingine hazipo. Wauzaji hawarudishi pesa. Hesabu kurasa ukiwa umesimama palepale.

Maktaba ndiyo njia ambayo Watanzania wengi wa mijini wanaipita kila siku ndani ya daladala bila kuitupia jicho. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, nayo ina sehemu ya watoto. Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani pia. Jambo ambalo msomaji wa kawaida halijui ni kwamba sheria inawataka wachapishaji nchini kuwasilisha nakala za kila kitabu wanachochapisha kwa bodi hiyo, na ni bodi hiyohiyo inayotoa namba za ISBN. Kwa maneno mengine, mtu anayetaka kujua Tanzania imechapisha nini hana mlango mpana kuliko huu. Nairobi, taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, imekuwa ikizifufua maktaba ya McMillan, iliyojengwa mwaka 1931, na zile za Kaloleni na Makadara, na eneo la Eastlands likapata mahali ambapo mtoto anaweza kukaa na kitabu bila kununua chochote.

Kwa pesa, maktaba haina mshindani. Ada hulipwa kwa mwaka na hugawanyika kwa kila kitabu unachoazima. Anayeazima vitabu 20 kwa mwaka amekwisha kuisahau. Lakini nisiipambe. Rafu za Kiswahili kwenye matawi mengi zina vitabu vilivyochoka, na ukitaka riwaya iliyotoka mwaka jana unaweza kuambiwa ipo ila ni ya kusomea humohumo ndani. Nauli nayo ihesabiwe. Anayekaa Mbagala au Kibaha akilipa nauli za kwenda na kurudi kwa ajili ya kitabu kimoja, maktaba ya bei nafuu imeshakuwa ghali. Aende na watoto wote, achukue vitabu vingi kadiri kadi zinavyoruhusu, aunganishe na shughuli nyingine za mjini. Ninavyoona, maktaba inafaa zaidi kwa vitabu vikubwa vya kusomwa mara moja, hasa wasifu wa viongozi. Mzee Rukhsa, tawasifu ya Ali Hassan Mwinyi iliyozinduliwa mwaka 2021, ni kitabu kizuri cha kusoma na kizito cha kununua. Kiazime.

Simu imeleta mengi, mazuri na mabaya. Kwa watoto wadogo imeleta jambo jema kuliko yote niliyoyaona kwenye vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi. African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, una hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili, zimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi ndefu za kusomewa, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kusoma, kupakua, kuchapa na hata kutafsiri bila kulipa. StoryWeaver ya India, iliyoanza 2015 chini ya Pratham Books, inafanya vivyo hivyo. Ukishapakua, hutumii bando tena. Mzazi wa Songea na mzazi wa Lubumbashi wanapata rafu ileile.

Ubora, hata hivyo, haulingani. Baadhi ya tafsiri zimeandikwa na watu wenye Kiswahili kitamu, na baadhi zinasomeka kama maelekezo ya dawa. Isome hadithi mwenyewe kwanza, kwa sauti. Ukijikuta unairekebisha sentensi ili itoke vizuri mdomoni, mpe mtoto nyingine. Zipo za kutosha. Na usikimbilie steshenari. Hadithi ya kurasa 12, kila ukurasa ukichapwa kwa rangi kwa shilingi 500, inafika 6,000, ghali kuliko kitabu cha dukani chenye jalada. Soma nyingi kwenye simu au kompyuta, kisha chapa zile mbili tatu ambazo mtoto amezing'ang'ania, kwa rangi nyeusi, kurasa mbili kwa kila upande wa karatasi, mbele na nyuma. Karatasi tatu kwa kila hadithi, na penseli za rangi za mtoto zitamalizia kazi.

Kwa watu wazima simu ni soko la riwaya za mfululizo. Waandishi wengi wa Tanzania sasa huuza hadithi kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp, au huuza nakala tepe nzima na kulipwa kwa simu. Wapo waliojiunga pamoja, kama UWARIDI, umoja wa waandishi wa riwaya, ambao pia wanachapa vitabu vya karatasi. Bei ya nakala tepe huwa ndogo na sehemu kubwa inamfikia mwandishi mwenyewe, kinyume na dukani ambako anaambulia mrabaha. Hatari ni mbili. Hadithi ya vipande inaweza kuishia sehemu ya 40 mwandishi akapata kazi Dodoma, na pesa yako ikawa imekwenda naye. Basi nunua iliyokwisha kuandikwa. Pili, simu ikiibiwa, maktaba yako imeibiwa. Tuma nakala kwenye barua pepe yako siku hiyohiyo uliyonunua. Kuhusu PDF za Shaaban Robert na Kezilahabi zinazorushwa kwenye makundi bila kuuliza mwenye haki ni nani, sitatoa mahubiri. Nitasema tu kwamba nyingi zimepigwa picha vibaya, kurasa zimerukwa, na kusoma Kichwamaji yenye mashimo ni kuisumbua akili ambayo Kezilahabi mwenyewe ameshaisumbua vya kutosha.

Sasa tugawe kwa umri, na hapa nitakuwa na upendeleo. Mtoto chini ya miaka saba anunuliwe vitabu vipya, vichache, vya karatasi, vya Kiswahili. Hivi ndivyo vinavyorudiwa mara 40. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanza mwaka 1991, E&D Vision na Mkuki na Nyota wametoa vya kutosha kuanzia, na wachapishaji wa Kenya kama Longhorn, Moran na East African Educational Publishers wana mifululizo iliyopangwa kwa ngazi. Msamiati wa Kenya utatofautiana kidogo na wa nyumbani kwako. Hiyo si hasara, mtoto ataokota maneno mapya.

Mtoto wa miaka minane hadi 12 ndiye mwenye shida. Kwa umri huu rafu ya Kiswahili ni nyembamba: kuna vitabu vingi vya kufundisha kusoma, kisha pengo, kisha Takadini. Mitumba ya Kiingereza huziba pengo, ila watoto wengi wa shule za msingi za umma hawakiwezi Kiingereza cha vitabu hivyo na kitabu hubaki pambo. Huyu usimnunulie bila yeye. Mpeleke maktaba achague mwenyewe, aache, achague tena, kwa sababu umri huu huacha vitabu kuliko umri mwingine wowote na kila kilichoachwa ni pesa. Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry iliyotolewa na Mkuki na Nyota, ni kimojawapo ambacho ningethubutu kununua bila kumuuliza.

Kwa mtu mzima, aina ya kitabu iamue. Hadithi ya upelelezi ukishamjua muuaji huirudii upesi: mtumba, au nakala tepe. Ushairi ununue mpya, hata ukiwa ghali kwa ukurasa, kwa sababu diwani nyembamba huweza kusomwa miaka kumi. N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani ni ya aina hiyo. Kamusi nunua mpya na nunua moja tu nzuri. Tafsiri pia mpya, maana hazifiki mitumbani: Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel, au Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ kutoka Senegal.

Vipi utajua kilicho kipya, kama muuzaji anauliza darasa tu? Fuata tuzo. Orodha zake hazilipiwi na kuna watu wamekwisha kusoma miswada mibovu kwa niaba yako. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na sasa ikiitwa Safal-Cornell, huchagua miswada ya riwaya, ushairi na maandishi mengine, na washindi huchapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu, hutolewa Aprili, na mbali na riwaya na ushairi imeingiza hadithi za watoto. Kenya kuna Tuzo ya Jomo Kenyatta, tangu 1974, yenye vitengo vya Kiswahili, na maonyesho ya vitabu ya Nairobi ambayo hufanyika Septemba. Filamu nayo husaidia: Vuta n'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliwarudisha kwenye riwaya watu waliokuwa wameisahau. Kwa walio Dar es Salaam, Soma Book Café ya Mikocheni ni mahali pa kukutana na kitabu na pengine mwandishi wake.

Msomaji wa Mbeya au Kigoma ana gharama moja zaidi, ya mzigo. Kitabu kimoja kikitumwa kwa basi, gharama ya kutuma inaweza kukaribia nusu ya bei yake. Vitabu kumi kwenye boksi moja, gharama hiyo inayeyuka. Ndiyo maana nashauri upatu wa vitabu. Familia tano zikinunua kila moja riwaya moja tofauti ya 15,000, zikaagiza kwa boksi moja na kuzungusha kila wiki tatu, kila nyumba imesoma vitano kwa bei ya kimoja, na mwisho kila kitabu kinarudi kwa mwenyewe. Andikeni daftari la nani anacho, maana kitabu kikishaazimwa bila daftari kimeolewa. Aliye Muscat au Minneapolis anaweza kuagiza vitabu vya Mkuki na Nyota kupitia African Books Collective ya Oxford, kwa bei ya huko. Akimpata ndugu anayesafiri kutoka Dar, atalipa kidogo zaidi ya bei ya Samora na kilo mbili za begi.

Turudi kwenye 50,000 za ile familia. Mimi ningezigawa hivi: vitabu viwili vipya vya picha kwa mdogo, 10,000. Riwaya moja mpya ya mwandishi aliye hai, 15,000, kwa sababu asipouza hii hataandika nyingine. Riwaya moja ya orodha ya shule, tuseme 8,000. Mitumba miwili, 8,000, mmoja wa baba na mmoja wa mama, bila lawama wakiiacha njiani. Zinabaki 9,000 za ada ya maktaba ya yule wa darasa la tano na bando la kupakulia hadithi za mdogo wake. Mambo yakibana zikabaki 20,000, ondoa mitumba kwanza, kisha riwaya zote mbili, ile mpya na ya shule, mziombe kwa jirani wa upatu. Vitabu viwili vya picha usiviguse.